Baba Mkwe Anashinda Nje

Minneapolis, 9 Septemba 2024

Dada Bonareri,

Salamu kutoka huku kwa mwanangu Masese. Mimi mzima, ila magoti. Wewe u hali gani, na ng'ombe wangu je? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ni ya Masese, na neno likisemwa sebuleni linasikika nyumba nzima.

Dada, watu wa huku ni wajinga. Wanakata nyasi nzuri, wanazitia kwenye mifuko, wanazitupa. Jirani ana mbwa anayevaa koti. Nilimuuliza kama mbwa huyo huenda kanisani, akacheka akasema asante.

Unauliza siku zangu zinapitaje. Nashinda nje. Yule Akumu wa Masese hufanya kazi usiku, mchana yuko nyumbani, na choo ni kimoja. Mzee Mgusii hawezi kupishana kwenye ujia na mwanamke wa mwanawe akiwa amejifunga taulo. Chinsoni, ile miiko yetu ya haya kati ya wakwe, hairuhusu. Kwa hiyo asubuhi akirudi, mimi natoka kwenda kwenye duka moja kubwa kuliko soko lote la Ekerenyo. Humo wazee huzunguka mchana kutwa bila kununua hata kiberiti. Nami nazunguka, lakini mimi nina sababu. Jioni akienda kazini narudi.

Nduguyo,
Abner

Ekerenyo, 14 Oktoba 2024

Abner ndugu yangu,

Pole kwa magoti. Sisi wazima, mvua ipo, chai inachumika. Ng'ombe wako wamenona kuliko wewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka. Chinsoni ni ya mzee na mke wa mwanawe. Wewe miaka tisa unatangaza hadi kanisani kwamba Masese hajaoa, ameokota Mjaluo mjini Kisii. Baba yake Akumu alikuja na watu wake kwa heshima, ukawaacha wanywe chai na jirani yako Osoro, wewe ukaenda kukagua migomba. Ng'ombe wa mahari hukutoa hata kwato.

Sasa niambie, kama si mkamwana wako, unamwonea haya nani? Kaa kwenye kiti, ule. Na kama ni mkamwana wako, unajua la kufanya. Mzee mzima anazunguka duka kama kuku anayetafuta pa kutagia! Nakuonea aibu mimi.

Dada yako mkubwa,
Bonareri

Minneapolis, 28 Novemba 2024

Dada,

Salamu. Mimi mzima. Matusi yako yamefika.

Akumu amemwambia Masese, nami nikasikia: "Baba yako ananikimbia kama nina ukoma. Baridi itamuua huko nje na watu watasema nimemuua mimi. Akae ndani, la sivyo arudi kwao." Masese anatafuta tiketi ya Januari.

Nirudi kwa nani? Tangu mama Masese afariki, nyumba yangu ni ya panya. Na huku kuna Emily, mjukuu wangu, anayenivuta masikio akiniita Sokoro, babu, kama mtoto aliyezaliwa Nyamira. Kumwacha siwezi. Lakini kumwinamia mwanamke niliyemkataa pia siwezi. Kesho natoka kama kawaida, theluji au bila theluji.

Nduguyo,
Abner

Ekerenyo, 3 Januari 2025

Abner,

Masese amenipigia, anasema ulianguka, kisha akacheka badala ya kunieleza. U mzima? Andika, mjinga wewe. Silali.

Bonareri, dada yako

Minneapolis, 26 Januari 2025

Dada,

Salamu. Goti limefungwa lakini mkono ni mzima, kwa hiyo acha kuniita mjinga.

Nilianguka kwenye barafu mlangoni, hata barabarani sikufika. Akumu alikuwa anatoka kazini. Akaja mbio, mikono mbele. Nikapiga kelele: "Usinishike! Wewe ni mke wa mwanangu!"

Akasimama. Akanigeuzia mgongo palepale, kama mkamwana aliyefundwa. "Baba," akasema, "hilo neno nimelingoja miaka tisa, umekuja kulitolea chini kwenye barafu." Akamwita yule jirani mwenye mbwa, naye ndiye aliyeninyanyua. Akumu alifuata nyuma kwa mbali, ameshika kofia yangu. Kumbe Wajaluo nao wana haya hizi. Sikuwahi kuuliza.

Amehamisha vitu vyote vya stoo ya chini na kumwita fundi. Sasa nina mlango wangu na choo changu, na Emily ndiye anayeniletea chakula. Habari ya tiketi imekwisha. Usidhani nimempenda. Ugali wake ungeupeleka Tabaka kwa wachonga mawe, wangeuchonga sanamu.

Mchukue Osoro, mpeleke ng'ombe wa mahari kwa baba yake Akumu, mzee Ogada, kule Oyugis. Chagua wazuri, si yule anayechechemea. Na habari ya barafu usimwambie mtu.

Nduguyo,
Abner

Ekerenyo, 20 Februari 2025

Abner ndugu yangu,

Salamu, na pole kwa goti. Habari ya barafu wameipenda sana kanisani.

Ng'ombe wamefika. Mzee Ogada aliwatazama, akatusalimu vizuri, kisha akasema anakwenda kukagua mihogo yake. Tukaachwa tukinywa chai na jirani yake mpaka jua likazama. Niliinywa yote, nikamwambia Osoro naye amalize kikombe.

Aliporudi alisema, "Mwambieni Abner sasa tunaweza kuanza kuzungumza."

Dada yako,
Bonareri