Mguu wa Bomba

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila macho ya Baba yanazidi kufifia, nami kazini bado nashtuka mkuu wa masjala akikohoa. Wewe na studio yako mnaendeleaje?

Baba ameniagiza nikutumie Bomba, ile lenzi yake ndefu ya enzi za filamu. Nimeizungushia blanketi nikaikabidhi ofisi ya mabasi. Neno la Baba silipingi. Nasema tu kwamba kila Ijumaa niliyeifuta vumbi ni mimi. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini; hawakusema kivuli cha nani.

Halafu nimesoma. Kihisi cha hiyo kamera yako mpya ya kidijitali, kile kinachopokea picha ndani, ni kikubwa kuliko filamu ambayo Bomba ilitengenezewa. Pembe za picha zitatoka nyeusi kama masizi. Usije ukasema sikukuonya.

Mguu wake, kile chuma cha kuifungia kwenye stendi, haukuonekana.

Mdogo wako,
Karani

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru mnapumua. Mimi ni mgongo tu, na wateja wanaotaka kupigwa wembamba.

Bomba imefika, na kwa adapta, ile pete ya kuunganishia, imekaa kwenye kamera kama iliyozaliwa nayo. Kulenga ni kwa mkono, kupima mwanga ni kwa mkono, jasho ni langu. Pembe zina kivuli chembamba, kama chumba kilichofagiliwa na mtu mwenye haraka. Lakini katikati! Nimempiga paka juu ya paa la tatu, nikaikuza picha, nikaona na kovu la sikioni.

Kwa kuwa mguu haupo, nimefunga kamera yenyewe kwenye stendi, Bomba inaning'inia mbele. Hebu utafute tena.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Salamu nyingine baadaye. Usiining'inize! Uzito wote unavuta mdomo wa kamera, na ukikatika, Bomba iko sakafuni. Ilaze juu ya mfuko wa mchanga, au ishike kwa chini kama mtoto ambaye shingo haijakaza.

Mguu naendelea kuutafuta.

Kila asubuhi Baba ananiuliza, "Dada yako ameandika?" Habari zangu haziulizwi. Mimi si nipo.

Mdogo wako,
Karani

28 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijui hata kama u mzima. Kimya hiki ni cha nini? Imevunjika? Kama imevunjika niambie mimi kwanza, Baba asijue.

Jambo jingine. Jumanne Baba alivaa shati la pasi, akatoka, akarudi anacheka peke yake. Nilipomuuliza akasema, "Karani, kunywa chai." Mnanificha nini ninyi wawili?

Mdogo wako,
Karani

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na punguza presha. Bomba ni nzima kuliko wewe.

Jumanne ile nilikuwa huko kwa kazi ya saa chache. Baba alinipandisha juu ya lile ghorofa linalotazamana na ofisi yenu, akasema, "Mpige karani wangu. Akiona kamera karibu hukaza uso kama anahojiwa." Akanishikia Bomba kwa chini, mikono ikitetemeka, nami nikakulenga dirishani. Picha ndiyo hii. Umependeza, uwongo dhambi.

Itazame vizuri, mimi nimeikuza. Kalamu sikioni. Kifungo cha shati kimelegea. Na juu ya faili zako, zisipeperuke, kuna chuma chenye tundu la skrubu.

Baba haoni tena vitu vidogo. Aliuliza kile kinachong'aa mezani ni nini. Nikamwambia ni kikombe.

Unaniona nimependelewa? Nilipokuwa mdogo Baba alinifukuza nisiiguse Bomba, eti viganja vyangu vina jasho. Ulipokuja wewe akakupa kitambaa. Nilikuwa nakutazama mlangoni unavyoifuta, natamani nikufinye.

Jumamosi nakuja kumpiga Baba picha, naye pia kutoka mbali. Mikono yake haiwezi tena kazi ile ya kuishika Bomba.

Dada yako

3 Aprili

Dada,

Shikamoo. Kifungo nimekishona.

Chuma nimekiondoa mezani, kiko mfukoni mwangu, na faili zinapeperuka. Jumamosi nitakifunga mwenyewe, usikiguse. Na picha ya kwanza ya Baba napiga mimi. Wewe utashika kitambaa.

Mdogo wako