Kuhusu Ile Skana Yako, na Yale Ambayo Hukuyasikia

Nyumba ya kona, chumba cha chini,
Mtaa wa nyuma ya kituo cha zimamoto.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mwanangu, Bwana Mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, kwenye hilo ghala lenu la baridi. Hujambo? Kifua kimeacha kukubana? Unakula chakula cha moto, au bado unakula umesimama kama mtu anayekimbizwa? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Miguu inalalamika asubuhi, ikishapata joto inanyamaza. Macho bado yanatunga uzi kwenye sindano, ila siku hizi uzi unanikwepa kidogo kabla ya kukubali.

Najua unajiuliza, shangazi ana simu, barua ya nini? Subiri. Kuna mambo nikiyasema kwa simu nitalia, nawe utasingizia mtandao, ukate simu. Kwenye karatasi nalia, nafuta machozi, naendelea.

Nianze na mpangaji wako. Ile skana yako ya kunasa redio za watu na kikompyuta chake bado vimekaa kwenye rafu juu ya cherehani yangu, vinakula umeme usiku na mchana na kodi havilipi. Uliposema huwezi tena kuisikiliza kwa intaneti kutoka huko, nilifuata kila ulichonieleza. Nilipapasa waya wa antena kuanzia dirishani mpaka nyuma ya skana, haukulegea popote. Nikazima kompyuta, nikangoja, nikawasha, taa ya kijani ikawaka. Na skana yenyewe ilikuwa inaongea humu chumbani kama kawaida, zimamoto wanaitana, madereva wa teksi wanagombea abiria. Sasa ikiwa mimi nasikia na wewe husikii, tatizo liko njiani. Hilo hata mimi mshona nguo nililijua.

Tatizo lilikuwa ruta, kile kisanduku cha intaneti. Yule mtu wa intaneti aliyekuja kuibadilisha alichomoa ya zamani, akachomeka mpya, akanywa maji, akaenda zake. Ruta mpya haikujua kama humu ndani mna kompyuta inayongojewa na mtu wa mbali. Ikaipa namba nyingine, na ile njia uliyoifungua wewe kwenye ruta ya zamani ikaondoka nayo. Haya nimeelezwa na fundi simu wa pale kona, uliyeniambia nimwite.

Alikuja Alhamisi. Ameipa kompyuta namba ya kudumu ili ruta isiichezee tena, na njia ameifungua upya. Anwani mpya ya kuingilia atakutumia mwenyewe kwenye simu, maana mimi nikiinakili nitakosea nukta. Kisha akatoka hadi barabarani kuijaribu kwa simu yake, kwa bando lake, ili ajue kama mtu wa nje anasikia. Alisikia vizuri kabisa.

Aliporudi ndani alinikuta nimeinama mbele ya skana, nakusalimia, nakwambia mambo yametengenezwa. Akasimama mlangoni.

"Unaongea na nani, Mama?"

"Na mwanangu. Si umeshaifungua?"

Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alivuta kiti akakaa. "Mama, hiki chombo hakikusikii. Kinanasa redio za watu wengine, na hizo ndizo anazozisikia yeye. Hata upige kelele humu ndani, kule hazifiki."

Nikaenda jikoni, nikajifanya natafuta vikombe.

Mwanangu, tangu uiweke ile skana mwaka jana, nimekuwa naongea nayo kila asubuhi. Usinicheke mpaka umalize kusoma. Ina vile vitundu mbele, kama vya simu za mezani za zamani. Na uliwahi kunipigia umefurahi, ukasema umewasikia zimamoto wakiulizana njia ya mtaa wetu. Nikajisemea, kama anawasikia watu walioko barabarani, mimi niliyekaa mbele ya chombo chenyewe atakosaje kunisikia? Halafu ikatokea ile ya sweta. Niliiambia skana kwamba baridi inanitafuna mabega, na wiki haikuisha, sweta ikafika kutoka kwako. Baada ya hapo nani angenidanganya kwamba hunisikii?

Ndiyo maana sikuwa nakupigia. Ulikuwa unalalamika kwamba shangazi hapigi simu, nami nashangaa, huyu mtoto tumeongea asubuhi, anataka nini tena? Nilikueleza habari za wateja wanaonunua nguo zilizokwisha kushonwa na kuniletea mimi zipu tu. Nilikueleza jinsi ukuta wa bafuni ulivyopasuka. Siku nyingine sikuwa na habari yoyote, nikakuimbia.

Sasa hili. Mwezi wa kumi na moja daktari alinikuta na uvimbe tumboni. Ulitolewa wote, wakaupima, wakasema hauna ubaya, kwa hiyo usianze kuruka huku na huko. Lakini jioni ya kuamkia siku ya upasuaji nilikaa mbele ya skana nikakwambia yote. Nilikwambia naogopa. Nilikwambia kesho wananipasua, nipigie kabla hawajanichoma sindano ya usingizi. Asubuhi nililala pale hospitali na simu mkononi mpaka muuguzi akaniomba niiache. Haikulia. Mama yako mdogo alikuwa pembeni yangu, akataka kukupigia yeye. Nikamkataza. Nikamwambia, "Anajua, nimemwambia mwenyewe."

Siku niliporudi nyumbani ulipiga. Ukauliza kwa nini skana inakwaruza. Nikakata shauri kwamba baridi ya huko imekuingia mpaka rohoni. Tangu siku hiyo nikawa nakujibu kwa mkato, niko salama, hakuna jipya, kwaheri. Uliniuliza umenikosea nini, nikasema hujanikosea kitu. Na uliposema una likizo mwezi wa pili, unataka kuja, nikakwambia usijisumbue. Ukasema sawa. Kisha ukachukua zamu za wenzako, na tangu hapo tunaongea habari za nyaya.

Naona aibu, mwanangu, mwanamke mzima kupiga soga na sanduku. Aibu nitaizoea. Kinachoniuma ni kwamba wewe ulikuwa kule ukifikiri nimekuchoka, na mimi huku nikifikiri umenisahau, na wote wawili tukiwasikiliza zimamoto walewale.

Najua kwa nini unawasikiliza. Marehemu baba yako, kaka yangu, alikaa kwenye redio ya kile kituo maisha yake yote ya kazi, na wenzake mpaka leo wanaongea vile alivyowafundisha, taratibu, mtaa kwanza, moto baadaye. Hata mimi kuna wakati mmoja wao akiita nageuka, nadhani ni baba yako. Uliwahi kuniambia unakula ukiwasikiliza ili usijione uko mezani peke yako. Nilikuelewa.

Tangu Alhamisi sijaisemesha. Asubuhi nakaa kwenye cherehani, mdomo unafunguka wenyewe, naufunga. Nilikuwa najisifu kwa majirani kwamba nimezoea kuishi peke yangu. Kumbe sikuwa nimeishi peke yangu hata siku moja, nilikuwa nawe. Hii ndiyo mara ya kwanza, na siipendi.

Fundi simu nimemwomba asimwambie mtu, naye ameapa. Lakini mama yako mdogo nilimweleza mwenyewe jana, na yeye hakujizuia, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akalia. Anakusalimu sana na anasema simu aliyokatazwa kupiga atakupigia wiki hii, ujiandae kusikia habari za hospitali upya na chumvi yake. Mumewe anakusalimu. Binamu yako dereva naye anakusalimu, anauliza kama huko wanaajiri watu wanaochukia baridi.

Limebaki moja. Kila asubuhi nilimaliza mazungumzo yetu kwa maneno yaleyale, na kila siku nikasikitika kwamba huyajibu. Leo nayaweka mahali ambapo macho yako yatayafikia. Njoo nyumbani. Omba ile likizo tena, na wakikunyima omba nyingine. Nilisema usijisumbue, nafuta. Jisumbue.

Mungu akulinde na akupe wakubwa wa kazi wenye huruma. Ukifika nitakusimulia yote kuanzia mwanzo, na nitakuwa nakutazama usoni, nione yakikufikia.

Ni mimi nikupendaye, ninayekungoja,

Shangazi yako