Karata tano za Christian: maneno ya Byamungu Sébastien mbele ya polisi

POSTE YA POLISI, WALIKALE
Kesi: kifo cha Christian wa Ntoto

Leo tarehe 14 mwezi wa tisa 2022, saa saba ya muchana, mbele yetu, OPJ Esdras, ofisa wa upelelezi, amefika muntu huyu. Tumeandika vile anasema.

Jina: Byamungu Sébastien, anaitwa Papa Séba
Miaka: 51
Masomo: primaire, mwaka wa tano
Kazi: mugawa-karata wa kasino, Goma (wa zamani), mulimaji
Makao: Ntoto, teritware ya Walikale
Undugu na marehemu: mujomba

Afande, andika vizuri, juu mimi si shahidi wa kuokota kwa njia. Kutoka Ntoto mpaka Karuba hakuna muntu anajua karata kunishinda. Miaka mbili nilifanya kasino Goma. Niliona muzungu akipoteza kiwanda muzima, akavua mpaka viatu, akaenda kwa hoteli miguu wazi. Mimi njo nilimufungulia mulango.

Niliporudi nyumbani nilifundisha watu poker. Kwa nganda ya Mama Anastasie, pale wanauzaka pombe ya ndizi, niliandika kwa ukuta na makala namna karata zinashindana. Chini kabisa, mbili za kufanana. Kisha mbili na mbili. Kisha tatu za kufanana. Kisha couleur, ni kusema tano za alama moja. Juu yake suite, ni kusema tano zenye kufuatana kwa hesabu. Kisha tatu na mbili pamoja, kisha nne za kufanana, na kule juu zile za kufuatana na alama moja, ambazo muntu anaona mara moja kabla ya kufa.

Watu waliniuliza, "Papa Séba, juu ya nini suite inapita couleur?"

Nikawajibu, "Kwaya ikivaa kitenge kimoja inapendeza macho. Lakini watu watano wenye kufuatana kwa njia ya pori, mizigo kwa mugongo, njo wanafikisha chumvi."

Walicheka, wakakubali. Tangu siku ile couleur tuliiita kwaya. Na kwetu, yule alileta muchezo, neno lake halipingwi. Kukiwa ubishi, wanatazama ukuta. Ukuta ukikosa kutosha, wananitazama mimi.

Mnamo tarehe 11, siku ya Yenga, ni kusema Jumapili, kisha misa, saa nane hivi, Muhindo Athanase alifika kwa nganda. Ni muntu wa Butembo, anauza chumvi na sabuni. Alikuwa anasukuma moto yake, ile pikipiki ya biashara, kwa mikono. Alisema mbele ya watu wote, "Frein imekatika kule juu, nangoja kable ya breki." Aliegemeza moto kwa ukuta wa inje, akaingia, akaagiza kinywaji. Hiyo nilisikia na masikio yangu mawili. Naomba uiweke mustari chini.

Mutoto wa dada yangu Chantal, jina Christian, miaka 24, alikuwa pale. Alikuwa amekusanya mbuzi saba za mahari ya Bibiche, na harusi ilikuwa mwezi wa kumi. Alitamani ile moto juu apate kazi ya kubeba watu. Walipatana kucheza mara moja tu, mbuzi saba kwa moto. Muhindo akaweka ufunguo kwa meza.

Mama Anastasie alisema, "Christian, mbuzi za mahari hazichezwi."

Akajibu, "Mama, usiogope. Mimi nimefundishwa na Mujomba mwenyewe."

Mimi nilinyoosha kola ya shati. Hiyo pia uandike.

Christian alishusha sita, saba, nane, tisa, kumi, za alama mbalimbali. Muhindo akashusha karo nyekundu tano, alama moja tupu, bila kufuatana. Watu wakapiga kelele, "Kwaya imefika, lakini bila chumvi!" Muhindo hakucheka. Alitoa kikarata kidogo kutoka paketi yake mupya, chenye picha za namna karata zinashindana. Pale couleur ilikuwa juu, suite chini yake.

Akaniambia kwa heshima, "Papa Séba, wewe ulifanya kasino. Sema mbele ya Mungu, mukono gani unashinda?"

Nilikishika. Picha zilikuwa zile zile za ubao wenye kutundikwa ndani ya kasino. Nilijua palepale kwamba Muhindo njo ameshinda. Watu walikuwa kama makumi mbili, na wote walikuwa wananitazama.

Nikasema, "Hii wameichapa vibaya. Ukuta hausemi uongo."

Christian akachukua ufunguo. Muhindo alibaki kwa kiti. Alisema, "Kesho nitaenda kwa shefu wa kijiji, hatutapigana siku ya Yenga. Lakini kijana, usipande ile moto. Frein haiko, nilisema tangu kufika."

Christian akasimama, akanitazama. Afande, aliningojea mimi.

Nikamuambia, "Hayo ni maneno ya mwenye kushindwa. Panda, mutoto, uende Bibiche akuone."

Alikusanya zile karata zake tano, akaziweka kwa mufuko wa shati. Akasema, "Mujomba, nitamuonyesha namna kwaya imekufa." Watu wakacheka, na mimi nilicheka kuwapita.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Kutoka pale njia inashuka mpaka kwa daraja ya miti. Saa kumi ilikuwa haijafika wakati wanawake wa kuchota maji walianza kulia kule chini. Nilikimbia. Sandali moja ilibaki juu ya daraja. Yeye na moto walikuwa kwa mawe, ndani ya maji. Tulimubeba mpaka sanite, ile zahanati yetu, na munganga hakufungua hata sanduku lake. Akatoa tu zile karata kwa mufuko, akanipa. Zilikuwa zimeshikamana na maji, sita mpaka kumi, bado zinafuatana.

Jioni vijana walisema Muhindo alikata frein kwa hasira ya kupoteza. Walimufunga kamba. Waliniuliza, "Papa Séba, ulimuona?" Nilinyamaza. Walichukua kunyamaza kwangu kama ndiyo, wakamuleta hapa kwenu. Leo ni siku ya tatu yuko amefungwa kwa kasho.

Basi nasema. Muhindo hakuinuka kwa kiti mpaka Christian alipoenda. Frein ilikuwa imekatika kabla ya kufika. Alisema hiyo mara mbili. Aliyesema panda ni mimi.

Na kuko neno lingine. Mimi sikugawa karata hata siku moja. Nilikuwa sentinele, mulinzi wa mulango, inje, na fimbo. Ule ubao wa karata ulikuwa ndani. Niliusoma kipande kipande, kila mulango ukifunguka. Chini niliona, juu niliona. Katikati palifichwa na rido, ile pazia ya mulango. Pale couleur na suite zinapopitana, nilijaza na kichwa yangu. Muzungu, ni kweli nilimufungulia mulango. Ya viatu sijui.

Kwa kilio cha Christian, mama yake Chantal alituma wanipe kiti inje, kama mugeni. Nilikaa.

Hapa njo maneno yangu yanaisha. Umenisomea, nimesikia, hakuna neno umeongeza. Pale juu, kwa kazi, kata vile uliandika. Weka sentinele.

(sahihi) Byamungu S.

Nyongeza ya OPJ: Kazi ya shahidi imekatwa na kuandikwa upya kwa ombi lake. Karata tano zimepokelewa, zimefungwa ndani ya bahasha. Muhindo Athanase ametolewa kasho saa tisa, baada ya mashahidi wengine wawili kuhakikisha habari ya frein. Kwa mulango alikutana na Byamungu, akamuambia, "Pole ya mutoto, Papa Séba." Byamungu akamufungulia mulango.

OPJ Esdras