Kosa Lililobaki Kwenye Mashine ya Moyo

Mpendwa kaka Swaleh,

Programu yako haina kosa. Ameyasema hayo Daktari Nargis jana alasiri, zahanatini kwake, mbele yangu na wifi Zuhura. Kwa wiki nzima amekuwa akiwafunga watu waya za mashine ya kupimia moyo. Alianza na yeye mwenyewe, akaja mlinzi wa mlangoni na mama anayefagia, kisha wagonjwa, na michoro ya mioyo yao ilitokea kwenye skrini bila kukatika wala kuchanganyika. Nilimwuliza mara ya pili, kama ninavyomwuliza kila anayenipa habari. Jibu lake halikubadilika.

Nakuandikia hapa gazetini kwa kuwa wengi wanaosoma ukurasa huu uliwatengenezea redio zao, na wengi walikusindikiza makaburini wakidhani kazi yako ya mwisho ilikushinda.

Ulikuwa na karakana katika chumba cha chini cha nyumba yetu, Mji wa Kale, mlango unaotazama kichochoro. Mwanzoni mwa mwaka huu wa tisini na sita Daktari Nargis alikuletea mashine ya kupimia moyo, msaada wa jamaa zake walio ng'ambo. Mashine ilikuwa nzima, ila programu ya kuiwezesha kuzungumza na kompyuta haikuja nayo. Zahanati haikuwa na nyingine. Wenye maradhi ya moyo walikuwa wakielekezwa kwingine, na wengine walirudi nyumbani wakanyamaza. Akakuomba uiandike programu hiyo, ukakubali.

Nilipokuja kukuuliza ni kazi gani hasa, ulinieleza kwa mfano wa bandari, maana Baba alikuwa karani kwenye gati la Mbaraki na sote tulikulia kwenye habari za shehena.

"Kompyuta ina karani mmoja," ulisema. "Kila gunia likipita mezani kwake, kazi haiendi. Kwa hivyo kuna hamali. Hamali yuwabeba kutoka kwenye mashine mpaka ndani ya godauni, kwa karani hapiti. Mimi naandika amri za hamali tu. Anzia hapa, beba kadha, ukimaliza piga kengele."

Nikakuuliza kama hamali huyo ni wa kuaminika.

"Mwaminifu sana, lakini hana akili. Kama nyinyi wa magazeti, yuwaweka alichopewa pale alipoambiwa."

Kosa la kwanza ulilipata. Mwisho wa mchoro ulikuwa ukija kuangukia juu ya mwanzo wake, na moyo mmoja ukaonekana kama miwili. Uligundua kwamba hamali hawezi kuvuka ukuta ulio kati ya godauni moja na la pili. Akifika ukutani hasemi kitu. Hurudi mlangoni, akapanga magunia yaliyobaki juu ya yale ya kwanza. Ukaandika upya, kila shehena ikapewa nafasi isiyokatwa na ukuta. Siku ile ulitununulia sote viazi vya karai, na mwanao Maryam alikucheka ulivyokuwa ukiimba.

Kisha likabaki jambo moja. Katikati ya mapigo yaliyopangika vizuri, pigo moja lilikuwa likija kabla ya wakati wake, likafuatiwa na pengo, halafu mchoro ukaendelea kama kawaida. Mara nyingine yalikuja matatu kwa kufuatana. Kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa lako, ulikata shauri kwamba na hili ni lako. Ulibadilisha waya. Ulifungua mashine ukasafisha kila kiungio. Ulisoma amri za hamali mstari baada ya mstari, ukazifuta, ukaziandika tena.

Na ulikuwa na mwiko wako. Hukumfunga mtu waya za chombo chochote kabla hujakisafisha mpaka ukaridhika. Mpaka hapo ulijifunga wewe. Kwa hivyo moyo pekee uliopita kwenye mashine ile ulikuwa wako. Nakukumbuka umelala kwenye mkeka, kifua wazi, shingo umeigeuza kutazama skrini, na pigo lile likitokea unasema, "Hilo hapo tena," kama mtu aliyeona panya jikoni.

Daktari alikuja akataka kutazama. Ukaifunika skrini kwa kikoi.

"Siyamaliza, daktari."

"Waifunika kama bibi harusi, Swaleh. Nionyeshe hivyo hivyo."

"Nikuonyeshe uchafu, kisha mgonjwa atibiwe kwa kosa langu? Ngoja."

Akangoja. Aliuheshimu mwiko wako.

Ulianguka kwenye ngazi adhuhuri, ukipanda kwenda kula. Zuhura alisikia kishindo, akatoka na mwiko wa wali mkononi. Hukuamka tena. Msibani watu walisema ni uchovu, kwamba kompyuta imekumaliza.

Jana, baada ya kutuambia kwamba programu ni nzima, Daktari Nargis alitia disketi yako kwenye kompyuta na kufungua michoro uliyojipima. Aliitazama kama daktari anavyotazama. Ilimchukua muda mfupi mno.

"Hili halikutoka kwenye programu," alisema. "Moyo wake ulikuwa ukipiga hivi. Tangu aliporekebisha lile kosa la kwanza, mashine ilikuwa ikisema kweli."

Zuhura akamwuliza angefanya nini lau angeiona mapema.

"Ningemlaza siku hiyo hiyo."

"Angekubali?"

Daktari alifikiri. "Ningemwambia kwanza kwamba kazi yake imekwisha."

Zuhura aliinamisha kichwa, akafunga buibui lake vizuri. Hakulia pale.

Sikulaumu, kaka. Habari nisiyoiamini nami huizuia, na sijaacha. Kinachoniuma ni kwamba sina wa kumpelekea hii. Ungenitazama ukaniuliza kama nina hakika. Kisha, nakujua, ungefurahi kwanza kwamba programu haina kosa, na kuogopa kungekuja baadaye.

Kabla hatujatoka, daktari alituuliza Baba alikufaje. Nikamwambia alianguka mchana gatini Mbaraki, akiwa amesimama anahesabu shehena, na kwamba waliokuwapo walisema ni jua. Halafu akauliza Maryam yuko darasa gani, na mimi nina umri gani, maana maradhi kama haya hufuata damu.

Maryam tumemweleza jana jioni, mamake na mimi, bila kumficha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Shangazi, na nikionekana na pigo lile?"

Nikamwambia daktari atalisoma papo hapo, na dawa zipo. Akauliza kama waya zile zinauma. Nikasema wewe ulikuwa ukilala nazo hata ukakoroma. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Nakuaga bila mengi, kaka. Mashine uliyoiandikia imekwisha kuwekwa kwenye chumba cha ndani, na milango ya zahanati iko wazi kwa kila anayetaka kupimwa. Sisi tumepangiwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Maryam atatangulia, kisha mimi.

Nduguyo mdogo,
shangazi yake Maryam