Wifi Anamfungua Mama Bandeji Kila Mgeni Akija

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla sijafungua mdomo nikaharibu, maana naandika haya mtoto akiwa ananyonya na mimi nina hasira, na sijui hata kama hasira yenyewe ni juu ya wifi yangu au juu yangu mwenyewe.

Mama mkwe wangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga, tukamkimbiza hospitali, nyonga ikashughulikiwa vizuri tu, lakini kwa kulala chali muda mrefu kisigino kikachubuka, kikawa kidonda, kidonda kikaingia bakteria, na kwa vile ana kisukari na ngozi yake siku hizi ni nyepesi kama ganda la kitunguu, wekundu ukaanza kupanda mguuni, mguu ukavimba, ukawa wa moto hata ukiweka kiganja juu ya shuka unausikia.

Zamu ya mchana ni yangu, kwa sababu mimi nakaa tu nyumbani, kama wanavyosema watu ambao hawajawahi kukaa nyumbani na mtoto anayetambaa. Basi mtoto namweka mgongoni, namlisha mama, namgeuza, nampangusa, na mimi na yeye tunapatana sana, ananiita mwanangu na wala hanioni kama mkwe.

Shida ni saa ya kuona wagonjwa. Wifi, yaani dada mkubwa wa mume wangu, huingia wodini na kundi la wageni nyuma yake, majirani, wa kazini, wa kuabudu naye, na kila kundi lazima lione kidonda. "Hebu oneni wenyewe," anasema, "msije mkasema tunatia chumvi." Anafungua bandeji kwa mikono ile ile iliyotoka kushika simu na kusalimiana na dunia nzima, wageni wanainama, wanaguna, mmoja anaziba pua, mwingine anagusa, ndiyo mshauri, anagusa kwa kidole kujua kama ni laini, halafu wifi anairudisha bandeji ile ile kama anafunga mzigo. Mama anageukia ukutani. Wakishaondoka ananiuliza taratibu, "Mwanangu, wameshiba?"

Siku ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki tena.

Juzi nesi alikuja na kalamu ya wino mzito akachora mstari mguuni, kuzunguka pale wekundu ulipoishia, akaniambia, "Dada, huu mstari ndio utakaotuambia kama dawa inafanya kazi. Wekundu ukiuvuka, niite, hata ukinikuta nakunywa chai." Nikaulinda ule mstari kama mboni ya jicho. Jioni wageni wakaja, bandeji ikafunguliwa kama kawaida, na mwanamume mmoja akasema, "Ala, nani kampima mama kama kiwanja kinachouzwa?" Wote wakacheka. Wifi akaona aibu, akaingiza mkono kwenye mfuko wa mtoto wangu, akatoa pakiti ya vile vitambaa vyenye maji vya kufutia watoto, akasugua.

Nikasema, "Wifi, huo mstari ni wa nesi."

Akaniambia bila hata kunitazama, "Wifi, wewe umekuja jana tu. Huyu ni mama yangu, hatalala hapa kachorwachorwa kama daftari la mtoto."

Akasugua mpaka mguu ukabaki hauna alama, mstari hauonekani.

Asubuhi yake nesi akainua shuka. "Mstari wangu uko wapi?" Wifi alikuwa amepita kuleta uji kabla ya kwenda kazini, akaiangalia ile pakiti juu ya kabati la mgonjwa, akasema, "Vitambaa ni vya huyo. Labda alikuwa anamsafisha." Nesi akanigeukia, akanisema mbele ya wodi nzima kama mtoto aliyejikojolea, mwanangu akiwa mgongoni. Daktari akaja, akabonyeza mguu, akasema hawezi kujua wekundu umepanda kiasi gani tangu jana wala kama dawa inayoingia kwenye dripu inaushika. Akachora mstari mwingine, chini kidogo ya goti. Akasema na huo ukivukwa, watabadilisha dawa, na huenda wakampeleka chumba cha upasuaji kuondoa nyama iliyokufa, na mambo yakizidi, mguu wenyewe. Mama alikuwa anasikia yote. Akanishika kidole, akakaza.

Nyumbani nikamwambia mume wangu. Akavua viatu polepole, akasema, "Vumilia, mama watoto. Dada ndiye aliyenilea. Ukimwaibisha, sisi tutahamia wapi?" Maana tunakaa vyumba vya nyuma vya nyumba ya wifi. Na wifi huku nyuma ameshawaambia ndugu kwamba kidonda kimeoza kwa sababu mkamwana hajui kuosha mtu mzima.

Pakiti yenyewe ninayo hapa, asubuhi nimemfutia mtoto uso, na kila nikivuta kitambaa namwona wifi na mguu wa mama. Leo jioni wageni wanakuja tena, na bandeji itafunguliwa. Nikisema, naonekana mchonganishi na pengine nalala nje na mtoto. Nisiposema, mama anakatwa mguu mimi nikiwa nimekaa pembeni yake. Nifanyeje?

Mkamwana wa zamu ya mchana

*

Mkamwana,

Kabla ya lolote, tupa hiyo pakiti. Mkono uliotoka kwenye kidonda chenye usaha uliingia humo ndani, na wewe leo umemfutia mtoto uso. Itupe, nawa mikono kwa sabuni, mnawishe na mtoto, na ukimwona na kipele chochote chenye usaha usingoje, mpeleke akaonwe. Nenda, nakusubiri.

Umerudi? Sasa tusemane.

Barua yako niliisoma asubuhi nikakutumia majibu haya kwenye simu kabla ya saa sita, kwa sababu mguu haungojei gazeti. Hapa nayachapisha kwa ajili ya mawifi wengine, ambao najua wapo kila wodi.

Nakuonea huruma, na umenikasirisha. Ulisema mara moja, ukajibiwa vibaya, ukafunga mdomo. Ungekuwa unamwona mtu anampa mama sumu, ungesema mara moja tu? Nesi alikuomba umwite hata akinywa chai. Mstari ulipofutwa ulikuwa bado unajua ulipita wapi, ungemkimbilia akauchora upya usiku ule ule.

Nenda wodini leo kabla ya wageni. Mtafute nesi wa zamu, umwite pembeni, umwambie yote: bandeji inafunguliwa, kidonda kinaguswa, mstari ulifutwa na nani. Usizunguke. Hutakuwa unamchongea mtu. Manesi wanahitaji kujua kilichoingia kwenye kile kidonda ili wakisafishe upya na daktari aamue juu ya dawa. Kisha mwombe yeye, mwenye sare, awaambie wageni wakifika kwamba bandeji inafunguliwa na wahudumu peke yao. Mwache wifi agombane na sare.

Usikae kuangalia wekundu tu. Mwili wa mzee mara nyingine hautoi hata homa. Ukimwona mama anaongea mambo yasiyoeleweka, hataki kula, anasinzia ovyo, ngozi inageuka nyeusi au inatoa malengelenge, paza sauti. Na huyo mtoto mwachie mtu. Wodi ya vidonda si mahali pa mtoto anayetambaa, na baba yake ana mgongo pia.

Kuhusu huyo baba yake. Mwonyeshe maneno haya: Bwana, aliyekulea ni dada, sawa, lakini aliyekuzaa ndiye anayesubiri kukatwa mguu, na umemwachia mkeo peke yake amlinde dhidi ya ndugu yako. Leo jioni usivue viatu. Nenda hospitali, simama mlangoni na dada yako, umwambie mwenyewe.

Wifi naye simwiti mchawi. Anamwogopa mama yake afe, na hofu yake ameigeuza maonyesho. Lakini alipokusingizia mbele ya nesi alijua anachofanya, na hilo atalijibu mbele ya ndugu wale wale aliowajaza maneno, mama akishatoka hatarini. Leo hatuna nafasi ya hilo. Akiwatoa kwenye vyumba vya nyuma, mtapanga chumba kingine, hata kidogo. Vyumba vinapangishwa.

Na katika barua yako ndefu yote, sijaona mahali mtu alipomuuliza mama. Anageukia ukutani, anakushika kidole, anauliza kama wameshiba, na nyote mnaongea juu ya kichwa chake. Mguu ni wake. Ukifika, inama sikioni umuulize, "Mama, unataka wakuone kidonda?" Akisema hataki, basi una neno la mwenye mguu, na wifi akikuambia umekuja jana, mjibu kwa sauti ya kawaida, "Ni mama aliyekataa, muulize."

Ukiingia wodini usianze na salamu. Inua shuka, tazama mstari uko wapi.

Mshauri