Molibdenamu na Mafuta ya Kondoo

Mjukuu wangu Naserian,

Supa. Huku Kitengela tuko, tumechoka tu na vumbi.

Umeuliza kama uongeze ile chupa ya molibdenamu kwa injini ya gari lako kuukuu. Nikiwa kijana, pikapu yetu ilianza kulia, na baba akaimiminia mafuta ya mkia wa kondoo, maana kwetu hayo ndiyo dawa ya kila kinachouma. Ilizimika njiani, kule Ewuaso Kedong, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Oili nyingi za siku hizi tayari ziko na molibdenamu ndani. Inapunguza msuguano, lakini chuma kilicholika hairudishi. Weka oili inayofaa, basi.

Goti langu nalo limelika. Kila jioni nyanya yako hulipaka mafuta ya kondoo. Halijapona, lakini sijamwambia aache.

Babu yako