Aliyekuwa Mbele Yangu Saa Tisa na Robo

MAELEZO YA SHAHIDI (ya mara ya pili)

Jina: lipo kwenye jalada. Mtaani wananiita Bi Kimya.
Umri: miaka 54. Elimu: darasa la saba.
Kazi: mshonaji.
Makazi: chumba cha pili, nyumba ya wapangaji inayotazamana na karakana ya kuchomelea vyuma.

Afande, salamu kwanza. Natumaini umeamka salama na kile kikohozi cha jana kimepungua. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia. Jana nilitoa maelezo hapa. Leo nimekuja kuyarekebisha, na naapa mbele ya Mungu kwamba sikutumwa na mtu wala sikutishwa.

Naishi na mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Mtaa mzima unamwita Ticha. Anafundisha Kiingereza kwa kompyuta, wanafunzi wake ni watoto wa nchi za mbali, huku kwetu mchana, kwao wanakaribia kulala. Kipindi ni nusu saa. Mzazi akisikia kelele anampa nyota chache, na nyota zikipungua wenye kampuni wanamwondoa hata bila kumuuliza. Kwa hiyo yeye akifundisha, mimi nalinda kimya. Nakaa mlangoni na kigoda changu na sindano yangu, nafukuza kuku, nanyamazisha redio za wapangaji, na hata fundi wa kuchomelea aliye mbele yetu namwambia azime mashine. Jina la Bi Kimya yeye ndiye aliyenipa.

Huyo fundi ndiye mliyenaye mahabusu.

Jana Alhamisi, tarehe 14, saa tisa kamili alasiri, Ticha alifunga mlango na kutundika kitambaa chekundu kwenye komeo, alama yetu kwamba kipindi kimeanza. Nilivuka njia nikamwambia fundi azime mashine yake ya kukatia vyuma. Akasema, "Bi Kimya, huko mbinguni unakojiandaa kwenda kuna tarumbeta, nakuambia. Malaika utawanyamazishaje?" Nikamjibu, "Malaika hawakati nondo. Zima." Akacheka, akazima. Afande, ndivyo tunavyoishi. Na yale maneno niliyowapa jana, kwamba aliwahi kusema "hiyo kompyuta ipo siku nitaikata vipande viwili," ni kweli aliyasema. Lakini aliyasema akiwa amekaa kwangu anakunywa chai yangu.

Saa tisa na robo alikuja mbio kutoka uchochoro wa nyuma ya nyumba yetu, anakoweka vyuma vyake. Saa naijua kwa sababu nilimwonyesha kwenye simu, nikamwambia robo saa tu imebaki, avumilie. Akasema, "Mama, kuna mtu kaingia..." Nikamziba mdomo kwa kiganja. Akautoa mkono wangu, akanong'ona, "Dirishani kwenu. Mguu nimeuona kwa macho yangu." Nikamkamata shati. Ndani Ticha alikuwa anaimba ule wimbo wa wanyama anaowaimbia watoto, sauti nyororo kabisa. Nikamwambia, "Msikilize mwenyewe. Mtu mwenye mwizi chumbani anaimba?"

Akasikiliza. Akasema, "Kweli anaimba."

Nikamwambia akipiga kelele pale, mtoto wangu atapoteza kazi. Akajikuna kichwa. "Haya mama, labda nimeona kivuli. Lakini nitakaa pale nyuma mpaka amalize." Akaondoka kwa kunyata, viatu kavishika mkononi ili nisimgombeze.

Kiingereza sikijui, ila mpangilio wa kipindi naujua kama ninavyozijua sala zangu. Salamu, wimbo wa wanyama, picha, wimbo wa kuagana, basi. Jana wimbo wa kuagana ulikwisha, ukaanza tena. Nikasema labda mtoto kaupenda. Ukaanza mara ya tatu. Saa tisa na nusu ilishapita na mlango haufunguki. Nikasimama, nikaweka mkono kwenye komeo. Sikufungua. Nilibaki nimesimama namwomba Mungu, naogopa nyota.

Kisha wimbo ukakatika. Kikafuata kishindo, kisha kelele za watu huko nyuma nisizozielewa, ndipo Ticha akaita, "Mama!" Nikasukuma mlango. Sikuweza kuuona upande wa dirisha, shuka linalokata chumba chetu limening'inia nusu, nikalivuta likaanguka. Ticha yuko sakafuni, damu inamtoka kwenye paji la uso. Fundi yuko dirishani, mguu mmoja ndani, kompyuta mkononi.

Sikuuliza kitu. Nilipiga yowe, "Mwizi!" Majirani walifika kabla sijafunga mdomo. Fundi alikuwa anasema, "Bi Kimya, waambie! Si nilikuambia?" Wakampiga mpaka akaacha kusema. Mimi nilikuwa nimemkumbatia mtoto. Nilimsikia, na sikuwaambia.

Leo saa moja asubuhi Ticha amepata nguvu ya kuongea hospitalini. Chumba chetu tumekikata kwa shuka lenye herufi na picha, ndilo wanafunzi wanaloliona nyuma yake. Nyuma ya shuka ni kitanda changu na dirisha. Kwenye kompyuta mwalimu anajiona mwenyewe pembeni, kadirisha kadogo. Ameniambia hivi: "Mama mdogo, kabla sijaanza wimbo wa wanyama nililiona shuka linatikisika. Chini yake kuna viatu viwili. Nikajua huyu anaogopa kamera. Mtoto na mama yake wakiwa wananitazama, hatoki. Nikasema basi, nisimalize. Niimbe tu."

Afande, aliimba na kutabasamu na mtu yule mgongoni. Na mimi nje namlinda asisumbuliwe.

Mwishowe mama wa mwanafunzi aliona usiku umeingia, akamlaza mwanawe na kuzima. Yule mtu akatoka, akampiga Ticha kwa kitu kizito, akanyakua kompyuta na kuruka dirishani. Sura hakuiona, alimtokea kwa nyuma. Anasema alimsikia fundi nje akifoka, "Weka chini! Weka!", wakavutana, mmoja akakimbia. Kisha fundi akachungulia na kompyuta mkononi: "Ticha, umeumia?" Ndipo akaanza kupanda kuingia, na ndipo mimi nilipolivuta shuka.

Askari mwenzako aliniambia fundi alilijua dirisha kwa sababu ndiye aliyelipima nondo mwezi uliopita. Alilipima, ndiyo. Nilimwita mimi, nondo zenyewe hazijawekwa bado. Na wewe leo umeniuliza kama hawakuwa wawili wanaoshirikiana. Mwanangu, nisamehe kukuita hivyo, mtu mwenye mwenzake ndani haji mbio kumshtaki kwa mwenye chumba. Viatu vilipokuwa chini ya shuka na wimbo wa wanyama unaimbwa, fundi alikuwa mbele yangu na shati lake nimelikamata mimi. Hilo sikulisema jana. Leo nalisema, na mahakamani nitalisema, mbele ya majirani wote.

Nimesikia taya lake limevimba, hawezi kuongea wala kutafuna. Mkewe yuko nje hapo na chupa ya maziwa. Nimemsalimia mara mbili, hakuitika.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali. Naomba unijibu mapema, Afande, leo hii ikiwezekana, ili nikitoka niwe na la kumwambia yule mama.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi askari wa zamu, kuanzia saa 3:20 asubuhi, na kumsomea shahidi. Hakubadilisha neno. Alionyeshwa njia ya kutoka, akakataa, akaketi kwenye benchi karibu na mlango wa mahabusu. Mpwa wake amehojiwa wodini kwa simu na maelezo yanalingana. Saa 5:10 mkuu wa kituo ameagiza mtuhumiwa aachiwe na apelekwe kutibiwa. Ametoka akiwa ameshikwa mkono na mkewe, amepita mbele ya shahidi bila kumtazama. Shahidi ameinuka, amewafuata nyuma kwa miguu kuelekea hospitali.